Chuma cha Mlangoni

Kila asubuhi Shebughe alijining'iniza kwenye chuma alichokifunga juu ya mlango, akajivuta mpaka kidevu kikakipita. Majirani walidhani anatafuta kifua cha kuringia. Alitaka tu aweze kumbeba mama yake aliyepooza mpaka bafuni bila kumwangusha.

Kwa miezi mitatu kumbeba kulizidi kuwa rahisi, naye akafurahi. Leo akahesabu. Alijivuta mara nne, mikono ikagoma: mara nne zilezile za siku ya kwanza.

Aliingia chumbani, akamwinamia. Mama alinyanyuka mwepesi kama kanga inayoanuliwa kambani.

"Mazoezi yamekukubali, mwanangu," alisema, kichwa begani pake.

"Ndiyo, mama."

Maji ya kuoga yalikuwa yakipoa kwenye beseni. Shebughe alisimama palepale, hakuthubutu kumshusha.