Njia Pana ya Kitwana

Katika kampuni ile, njia pana za simu zilikuwa za wakubwa tu. Familia za wachimbaji walioshuka ardhini kwa mkataba wa miaka mitatu zilipewa njia nyembamba, iliyopitisha maneno na kuiacha pumzi nje. Nasra ndiye aliyezigawa, na simu moja pana ilikula nafasi ya nne nyembamba, kwa hiyo hakuwahi kujipendelea, ingawa mumewe Kitwana naye alikuwa chini huko.

Ijumaa ile, mkurugenzi alipokwenda msikitini, Nasra alimhamishia mumewe kimyakimya kwenye njia ya bosi.

"Mama Rehani, leo umepika nini?" Sauti ya Kitwana ilimjaa Nasra sikioni kama yuko chumbani.

"Pweza wa nazi. Kifua je?"

"Bado kinanitesa. Pumu haina adabu, hata huku imenifuata."

Akacheka. Nasra akasubiri ule mluzi wa kifuani uliomkosesha usingizi miaka saba ya ndoa. Haukuja. Baina ya neno na neno hapakuwa na kitu, hata pumzi ya kuvutwa, kama maneno yaliyopangwa na mashine.

"Mbona kimya, mke wangu?"

"Nakusikiliza," alisema, akiutazama ubao wa simu. Njia nyembamba mia mbili zilikuwa zinawaka, na kwenye kila moja mke alikuwa akiongea na mumewe.