Manowari ya Jaji

“Bu xing!” Laoban Huang, mwenye karakana, alikataa kwa mara ya tatu na kuibamiza penseli mezani. “Haiwezekani!”

Kissa hakutikisika. Alikuwa amesimama katikati ya karakana hiyo, ghorofa ya nne kando ya barabara ya Zhanxi, viatu vimejaa vumbi la mbao. Mezani palikuwa na manowari ya matanga yenye urefu wa mkono mzima, milingoti mitatu, na safu mbili za matundu ya mizinga ubavuni. Ilifuata mchoro wa zamani aliotoka nao Mbeya, na ugomvi wote ulianzia kwenye mchoro huo.

“Mwambie asiguse kitu,” alimwambia Wilbard, mfanyabiashara wa Bukoba aliyekuwa akimtafsiria. “Kilicho kwenye karatasi ndicho ninachotaka.”

Wilbard alishusha pumzi. Miaka mitatu ya Guangzhou ilikuwa imemfundisha kubishania bei za jinzi na simu, si meli za kivita za karne nne zilizopita.

“Dada Kissa, huyu mzee kazi yake ni meli tangu ujana. Anasema hii ni nyembamba chini na nzito juu, tena matundu ya chini yako karibu mno na maji. Anataka kuipanua tumbo, aongeze farumi, yaani ule uzito wa kuituliza, na yale matundu ayazibe kwa gundi. Bei ileile, hakuongezei hata yuan moja.”

“Hapana.”

“Anasema hata meli yenyewe, ile ya mfalme wa Uswidi, ilikuwa na kasoro hizohizo. Mfalme alitaka mizinga mingi, mafundi wakaogopa kumkatalia. Ilizama siku ya kwanza, watu bado wanaipungia mikono bandarini.”

“Najua. Asibadilishe hata msumari.”

Laoban alisema jambo, mafundi wake wakaangua kicheko. Wilbard alijifanya hakusikia, lakini Kissa alimkazia macho mpaka akasema.

“Anasema leo amepata bahati, muuza blauzi amekuja kumfundisha kazi.”

“Mwambie blauzi nimeshamaliza. Leo nanunua meli.”

Wilbard alimvuta pembeni. Alijua kidogo tu, kwamba meli ni ya jaji. Kissa alikuwa amesema hivyo siku ya kwanza kisha akafunga mdomo, maana kwa Waswahili wa pale mjini habari hufika nyumbani kabla ya kontena. Tena alijua kwamba Thadeo, mume wa Kissa, alikuwa na miezi tisa mahabusu, akishtakiwa kusababisha vifo vya watu kumi na mmoja kwa ulevi. Thadeo mwenyewe hajawahi kuonja pombe, lakini nani wa kumsikiliza? Ndege ya Kissa ilikuwa inaondoka uwanja wa Baiyun kesho yake, na kesi ilikuwa inaendelea Jumatatu.

Basi Wilbard akajumlisha mwenyewe.

“Dada, sikulaumu. Ningekuwa mimi, ningempelekea hata ng’ombe. Lakini zawadi ya mkubwa haiwi na kasoro. Siku wanawe wakiitia majini ikazama, mumeo ataozea kule ndani.”

“Thadeo hajaua mtu,” Kissa alisema kwa hasira. “Simwombei huruma kwa yeyote, kaka Wilbard. Kwa yeyote!”

Wilbard aliigeukia manowari pale mezani. Kama hamwombei huruma, hiyo meli ya nini?

Laoban naye alikuwa amechoka kubishana na mkaidi. Aliagiza beseni kubwa, akalijaza maji, akalielekezea feni. Aliishusha manowari taratibu, akamtazama Kissa kwa jicho la “haya, jionee,” kisha akaiwasha feni kwa kasi ndogo kabisa.

Matanga yalivimba. Meli ilisogea shibiri mbili, ikalala ubavu, maji yakaingia kwenye safu ya chini ya matundu. Haikuinuka tena. Ilikwenda chini na bendera zake zote.

Mafundi walipiga makofi. Wilbard aliinamisha kichwa kwa aibu ambayo hata haikuwa yake.

“Tena,” Kissa alisema.

Laoban alidhani hakusikia vizuri. Waliiopoa, wakamwaga maji yaliyoingia, wakaikausha. Ikazama tena, mahali palepale.

“Tena.”

Mara ya tatu hakuna aliyecheka, isipokuwa Kissa. Alicheka mpaka machozi yakamtoka, akajifuta kwa ncha ya kitenge, akafungua mkoba.

“Waifunge vizuri isivunjike. Na hiyo feni nainunua.”

“Dada, una akili timamu kweli?” Wilbard alishindwa kuvumilia. “Itazama mbele ya jaji!”

“Izame! Izame hata mara kumi, mahakama nzima ikiangalia. Halafu wakili wetu atamuuliza yule tajiri aliyekiongezea ghorofa ya pili kivuko alichoendesha Thadeo: humo ndani, nahodha mlevi yuko wapi?”