Nati ya Gurudumu

"Mama, hii umeitoa wapi?" fundi wa pikipiki aliuliza, akiigeuzageuza ile nati kubwa iliyojaa grisi.

Mama alijibu kwa maringo. "Kwenye pikipiki ya binti yangu. Leo haiwaki ng'o! Wenzake waende zao jangwani, yeye abaki tufue mashuka."

Fundi hakucheka. "Mama, hii haihusiani na kuwaka. Hii ndiyo inayoshika gurudumu la mbele."

Nje, injini zilikuwa zinanguruma. Mama alitoka mbio na kandambili moja mguuni, nyingine akaiacha mlangoni, akapenya katikati ya pikipiki zilizofungwa madumu ya maji na mahema.

Binti yake alikuwa ameketi juu ya tairi la akiba, anafunga buti taratibu.

"Mama naye! Unafukuzwa na nyuki?"

Mama alimkumbatia mpaka kofia ya chuma ikamgonga kidevu. "Umekawia kuondoka, mwanangu. Kawia hivyo hivyo! Pikipiki yako iko wapi?"

"Kaka ameichukua. Si ndiye anayetangulia kupima mchanga kule mteremkoni? Akasema yangu nyepesi, haizami."

Mama alimshika mabega, akamtikisa. Alama za vidole vyake zilibaki nyeusi kwenye jaketi.

"Mpigie simu! Mwambie asimame! Sasa hivi!"

Binti aliacha kucheka. Akaingiza mkono mfukoni, akatoa simu mbili.

"Yake ninayo mimi, Mama. Ameniachia isiingie mchanga."