Redio ya Nyumba ya Kibwana

Siku hizo redio zote za nyumbani ziliuzwa bubu. Sheria ilitaka mtu mmoja wa nyumba aipe redio sauti yake, naye hasemi tena maisha yake yote.

Shemsa alikwenda dukani na mumewe, Kibwana, pamoja na mama mkwe, ambaye ndiye aliyekubali kutoa sauti. Mama mkwe akasogezwa kwenye kinasa sauti, akasalimia. Spika ikakwaruza.

"Hii itawachosha masikio," muuzaji akasema.

Kibwana akamgeukia mkewe. "Hebu jaribu wewe, mama Mwatime. Kujaribu tu."

"Hamjambo nyote?" akasema Shemsa. Duka zima likanyamaza kumsikiliza.

"Hiyo hiyo!" Kibwana akabonyeza kitufe cha kinasa. Shemsa akafungua kinywa kumkatalia, kisitoke kitu. Mama mkwe akatazama sakafu.

Jioni Mwatime, binti yao wa mwaka mmoja, alianguka akaangua kilio. Shemsa akapiga magoti, akamnyooshea mikono.

"Njoo, mwanangu," redio ikaita kutoka pembeni.

Mtoto akampita mama yake, akatambaa hadi kwenye redio, akaikumbatia.

Kibwana akacheka. "Umeona tulivyochagua vizuri?"