Waya wa Kukatia Sabuni

Babu Sabuni, kama mtaa ulivyozoea kumwita, alikuwa akikata mche wa sabuni kwa waya wa gitaa redio ilipotaja jina lake halisi: Zefania Lukindo. Mtangazaji alitaka maoni ya wasikilizaji kuhusu albamu iliyokusanya nyimbo zake za zamani.

“Gitaa lile halikuthaminiwa,” alisema msikilizaji wa kwanza. “Lilikuwa linaongea!”

“Mungu amlaze pema,” alisema wa pili, kisha akawasalimu shemeji zake wote.

“Amina,” aliitikia Mama Tunu, aliyekuwa akisubiri sabuni yake.

Mzee aliweka waya chini, akapiga simu redioni, akapokewa. “Zefania ni mimi. Niko hai.”

Mtangazaji akacheka. “Leo wewe ni Zefania wa tatu. Haya mzee, unawasalimu akina nani?”

Mzee alikata simu. Mama Tunu alikuwa akimtazama kwa hasira.

“Babu Sabuni, jina la marehemu halichezewi. Nikatie nusu mche niondoke.”

Akaushika waya ncha zote mbili, akauvuta ukakaza. Kabla ya kuzama kwenye sabuni, waya ulilia mara moja, na Mama Tunu, masikio yote yakiwa redioni, akamwashiria asipige kelele.