Jina la Mgongoni

Mwanakombo alikuwa akivaa peke yake chumbani hotelini, mapazia ameyafunga, maana kanga za siku hizi hazitaki mwanga mkali zinapojiandika. Ukijitanda, baada ya dakika chache jina la kanga hutokea mgongoni, nalo ni lile lililo moyoni mwako. Ukiivua, linafutika. Na harusini huruhusiwi kuingia bila kanga.

Alijigeuza mbele ya kioo, lakini maandishi yalionekana kinyume. Alitamani kujua. Leo anaolewa Raya, mdogo wake aliyemlea tangu mama yao afariki, na yeye aliamini ana furaha tupu.

Raya aliingia, akajitanda kanga yake palepale.

“Dada, geuka nikusome.”

Akasoma polepole: “Ukiondoka nitamlea nani.”

Mwanakombo akacheka kidogo. “Kitambaa tu hicho. Haya, na wewe geuka.”

Raya alitabasamu, asigeuke. Alirudi kinyumenyume hadi mlangoni, akapapasa kitasa, akatoka vivyo hivyo, macho kwa dada yake.

Huko nje wanawake walikuwa wakimsubiri kwa vigelegele. Vikakatika.