Boliti ya Tatu

Boliti ya tatu ilikataa katakata.

Fundi alikuwa amelala chali chini ya Landrova ya Jayesh, miguu tu ikionekana nje. Mwalimu Pudensiana, jirani wa Jayesh wa ukuta kwa ukuta hapo mtaani Olasiti, alikuwa amechutama kando ya gari. Alisikia spana ikiteleza, kisha vidole vikigonga chuma.

"Mama, naona niache," fundi alisema, akijivuta nje huku ananyonya kidole. "Nitarudi siku nyingine."

"Siku nyingine ipi? Jumamosi Kajal, binti wa Jayesh, anaolewa, na ameapa kwenda ukumbini na gari hili lililokuwa la babu yake. Starta isiposafishwa, bibi harusi atasukuma gari?"

Fundi akatazama barabarani.

Mwalimu alikuwa amestaafu kufundisha, lakini mafundi wavivu aliwajua tangu marehemu mumewe alipokuwa na lori. Jayesh alimdokeza kuwa fundi atakuja kuichukua starta akaisafishe; huyu alikuja na spana moja na gunia. Boliti mbili za kwanza zilimchukua saa nzima. Mara tatu alitaka kuondoka, na mara tatu Mwalimu alimrudisha chini ya gari.

Sasa aliingia ndani, akatoka na mafuta ya taa, nyundo, kipande cha bomba na kikombe.

"Mwagia hapo, tuyaache yaingie. Kunywa chai."

"Sina njaa, mama."

"Sijakuuliza njaa."

Akainywa amesimama. Aliimaliza kwa mafunda mawili, kwa hiyo Mwalimu alimwongezea nyingine.

Nusu saa ikapita. "Haya, rudi. Igonge kichwani, taratibu. Usianze kuilegeza. Ikaze kidogo kwanza, ndipo uirudishe. Chomeka bomba kwenye mkono wa spana upate urefu."

Chuma kililia. Boliti ikazunguka robo, ikazunguka nusu, na baada ya muda starta ikamwangukia fundi kifuani.

Mwalimu alimshikia gunia mdomo wazi aitumbukize, kisha akamfungia ndizi mbili za kuchoma za kula njiani. Fundi alizipokea kwa mikono miwili. Alisimama pale kama mtu mwenye neno.

"Mama, wewe ni mtu mzuri sana," alisema hatimaye, macho yakiwa chini.

"Nenda. Na usikae nayo."

Alitembea hadi kwenye kona, halafu akaanza kukimbia. Hilo lilimfurahisha Mwalimu; siku hizi mafundi wanaoharakisha kazi za watu ni wachache.

Akampigia simu Jayesh dukani kwake mjini.

"Starta imetoka. Ilikuwa kazi, lakini nimemsimamia fundi wako mpaka amemaliza."



"Asante sana, Mwalimu," Jayesh alisema. "Ila fundi nimepatana naye aje kesho."